Tairi, barabara na nauli ya gunia: Kibuta inahitaji namba

Kila masika yanapokaribia, nauli ya kusafirisha gunia kutoka vijiji vya Kata ya Kibuta, wilayani Kisarawe, hadi masoko ya Buguruni na Kariakoo huwa ni suala la mabishano. Mwenye lori husema barabara imeharibika na matairi yanakwisha. Mwenye muhogo, nazi au machungwa husema anaonewa. Mwishowe anashinda mwenye lori, kwa sababu mzigo ukilala unaoza na lori likilala halipungui kitu. Katika mabishano hayo yote hakuna upande wenye namba ya kuweka mezani.

Maoni ya ukurasa huu ni kwamba barabara isiyopimwa hupangiwa bei na hofu ya mwenye gari, na anayelipa hofu hiyo ni mkulima na mchuuzi. Kwa hiyo upimaji wa tairi na uso wa barabara ni jambo la soko, lisiachiwe wahandisi peke yao.

Katika vyuo vikuu vya nje, wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanafanya utafiti wa kupima kwa roboti jinsi tairi linavyokutana na barabara. Mashine hupita juu ya kipande kilichochaguliwa kwa mwendo ule ule na uzito ule ule, ikisoma mikwaruzo ya uso na nguvu ya mpira unapoburuzwa. Faida yake kubwa ni kuuondoa mkono wa mtu. Vipimo vya jana, leo na mwezi ujao vinaweza kulinganishwa bila kuuliza nani alikuwa kazini. Msomaji wa Kisarawe anaweza kudhani mambo hayo hayamhusu. Yanamhusu, na mifano iko Afrika hii hii.

Huko Pretoria, Afrika Kusini, taasisi ya utafiti ya CSIR ilijenga mtambo unaopitisha gurudumu la lori juu ya bamba lililojaa vipimio vidogo, kila kimoja kikisoma nguvu ya tairi kwa pande tatu. Mwaka 1997 mtafiti Morris De Beer na wenzake walieleza matokeo yake. Tairi halikandamizi barabara sawasawa kama vitabu vya zamani vilivyochukulia. Likibeba mzigo wa kawaida na upepo wa kutosha, mkandamizo mkubwa huwa katikati. Likizidishiwa mzigo au likipungukiwa upepo, mkandamizo huhamia kwenye kingo mbili za tairi. Hapo ndipo lami nyembamba hupasuka, na hapo hapo ndipo tairi lenyewe huliwa. Mfanyabiashara aelewe maana yake: lori lililorundikwa magunia huku upepo ukiwa mdogo linakula barabara na mfuko wa mwenyewe kwa wakati mmoja.

Kuhusu uzito, somo ni la zamani zaidi. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Tuchukue ekseli ya tani 10 iliyopakiwa hadi tani 12. Mzigo umeongezeka kwa asilimia 20 tu, lakini madhara kwa lami yamekuwa mara mbili. Ndiyo sababu mizani ipo. Vigwaza, katika mkoa huu huu wa Pwani, kuna mtambo unaopima malori yakiwa yanatembea. Teknolojia ya kujipima yenyewe, basi, imekwisha kufika mkoani, ila imefika barabara kuu ya Morogoro na si njia ya kijijini.

Je, barabara mbaya humgharimu msafirishaji kiasi gani? Swali hili liliulizwa jirani zetu Kenya. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ilishirikiana na Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia kufuatilia magari ya biashara kwenye barabara za lami, changarawe na udongo. Taarifa zilizotolewa mwaka 1975 zilionyesha uhusiano wa mtikisiko wa barabara na gharama za mafuta, matairi, vipuri na mafundi. Hesabu hizo zilisaidia kutengeneza kanuni ambazo wakopeshaji wa miradi ya barabara walizitumia baadaye. Kwa maneno mengine, gharama ya barabara mbaya Afrika Mashariki iliwahi kuandikwa kwa namba, ila namba hizo zilibaki kwa wapangaji wa miradi na hazikumfikia mchuuzi.

Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa bei za kubuni. Lori lina matairi sita, kila moja shilingi 600,000, jumla 3,600,000. Yakidumu kilomita 60,000, kila kilomita inakula shilingi 60. Yakidumu kilomita 36,000 kwa sababu ya njia mbovu, kila kilomita inakula shilingi 100. Kwa safari ya kilomita 100 kwenda na kurudi, tofauti ni shilingi 4,000. Lori likibeba magunia 80, kila gunia linabeba shilingi 50 zaidi kwa ajili ya matairi. Kuna pia springi, mafuta na siku za kukwama, nazo zihesabiwe. Lakini mwenye lori akiongeza shilingi 1,000 kwa gunia na kutaja matairi peke yake, mchuuzi ana haki ya kumuuliza kisa cha shilingi 950 zilizobaki.

Namba hizo hizo humlinda mwenye lori pia. Wapo wawekezaji wadogo wanaochanga fedha au kukopa kwenye chama cha kuweka na kukopa ili wanunue Fuso. Marejesho hupangwa kama kwamba gari litatembea kwenye lami siku zote. Miezi michache baadaye fedha ya marejesho inakwenda dukani kwa muuza matairi. Wasomaji wakumbuke kuwa kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na Sameer ya Nairobi ilifunga kiwanda chake cha matairi mwaka 2016. Mpira unaokwisha njiani hununuliwa tena kwa bei inayofuata dola.

Tunajua hoja ya wapinzani: barabara ya vumbi haihitaji mashine, kila mwenye macho anaona mashimo. Ni kweli anayaona. Lakini jicho haliwezi kusema kama mwaka huu ni pabaya kuliko mwaka jana, wala kama greda iliyopita wiki iliyopita ilifanya kazi iliyolipiwa. Jicho la mwenye lori na jicho la mwenye gunia pia haliwezi kukubaliana, kwani kila moja lina maslahi yake.

Wala hatusemi Kibuta iletewe roboti. Mwaka 1991 TRRL ilitoa kifaa kiitwacho MERLIN, kilichokusudiwa nchi zetu, ambacho fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Kina gurudumu mbele kama la baiskeli, mguu nyuma, na katikati kijiti kinachogusa barabara na kusogeza mshale juu ya karatasi. Mpimaji hutembea akitia alama 200. Alama 10 za kila mwisho huachwa, na upana wa zilizobaki hupimwa kwa milimita. Upana huo ukizidishwa kwa 0.0471 na kuongezwa 0.593, unapata kipimo cha kimataifa cha mtikisiko wa barabara kijulikanacho kwa herufi IRI, kilichotokana na majaribio ya Brasilia ya mwaka 1982. Upana wa milimita 120 ni IRI ya 6.2 hivi; milimita 200 ni 10. Lami mpya huwa karibu na 2, na njia ya udongo iliyoharibika hupita 10.

Kwa hiyo kinachokosekana ni utaratibu, maana kifaa ni rahisi. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, na za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Matengenezo yao hutegemea sana Mfuko wa Barabara, unaochangiwa na tozo ya mafuta. Kila lori linalojaza dizeli limekwisha kulipa. Anayelipa ana haki ya kuona kipimo cha barabara anayoilipia, kikiwa kimebandikwa ofisi ya kata mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, na pia kabla na baada ya greda kupita.

Wakati utaratibu huo ukisubiriwa, wafanyabiashara wasikae bure. Mwenye lori anunue kipimo cha upepo na akitumie kila asubuhi kabla ya kupakia, aandike kilomita za kila tairi tangu siku lilipofungwa, na aache kuongeza magunia ya juu yanayozidi uwezo wa ekseli. Wachuuzi wanaosafirisha pamoja wadai kuona daftari hilo kabla ya kukubali nyongeza ya nauli. Mwekezaji anayetaka kununua gari kwa mkopo afanye hesabu ya matairi kwa njia atakayopita kweli, na akiona hesabu haifungi, asubiri. Chama cha kuweka na kukopa chenye wanachama wa usafirishaji kinaweza kuchangia kutengeneza MERLIN moja na kumfundisha kijana mmoja kuitumia. Gharama yake ni ndogo, na msimu ujao wa mvua nauli ya gunia itajadiliwa pande zote zikitazama karatasi moja.