Tunza Picha Yako ya Eksirei



Mama mmoja alimleta mwanawe mwenye kikohozi cha muda mrefu. Wiki mbili kabla, mtoto alikuwa amepigwa picha ya kifua kwingine. "Picha iko wapi, mama?" "Sista, watoto waliichezea ikachanika." Ikabidi apigwe nyingine. Fedha zikatoka tena, na mionzi ikaingia tena.

Duniani hupigwa picha ngapi namna hii? Umoja wa Mataifa una kamati ya wanasayansi wa mionzi, iliyoundwa mwaka 1955. Kamati hiyo ilikadiria kwamba kati ya 2009 na 2018 vilifanyika vipimo bilioni 4.2 kila mwaka, vya meno vikiwamo. Ni kama vipimo 57 kwa kila watu 100. Siti skani ni kipimo kimoja tu katika kumi, lakini huleta zaidi ya nusu ya mionzi yote ya vipimo hivyo.

Hesabu hiyo hupatikanaje? Kamati hutuma maswali kwa serikali, nazo hujibu kwa kadiri ya madaftari ya hospitali. Nchi nyingi hazijibu. Hizo hukisiwa kwa kutazama nchi zinazofanana nazo, kwa mfano kwa idadi ya madaktari wake.

Wastani nao huficha mengi. Katika miaka ya 1997 hadi 2007, nchi zenye madaktari wengi zilikuwa na robo tu ya watu wa dunia, lakini zilifanya theluthi mbili ya vipimo vyote. Kwingine mgonjwa wa kifua kikuu au aliyevunjika mguu hukosa hata picha moja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa maoni yangu, sisi watumishi wa hospitali ndio tunaopaswa kuanza. Tusipoandika kila picha, nani atajua wapi mashine inahitajika, na wapi watu wanapigwa picha ovyo?

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Picha moja ya kifua ina mionzi kidogo, msiikatae daktari akiona inahitajika. Lakini msiidai kama dawa, maana haiponyi. Ihifadhini picha pamoja na majibu yake mahali pakavu, mbali na watoto, pamoja na kadi za kliniki. Mkienda hospitali yoyote, ichukueni.