Tuzo zinahitaji jarida
Tuzo ya Safal, iliyoanzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, zimewapa waandishi wa Kiswahili fedha na njia ya kuchapishwa. Hata hivyo, hupokea miswada iliyokwisha kukomaa. Kijana wa Kisongo, Arusha, mwenye hadithi ya kurasa nne anahitaji kwanza jarida lenye mhariri, na jioni ya usomaji karibu na kwao. Wapo wasemao mtandao unatosha. Mtandao husambaza, hauhariri: mwaka 2016 jarida la mtandaoni la Jalada, la Nairobi, lilieneza ngano moja ya mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o kwa lugha zaidi ya 30, lakini nyuma yake walikuwapo wahariri na watafsiri. Arusha nayo ianzishe jarida lake.