Bonane bila mbuzi, kiwanja chenye majina mawili

Kipwa kimeingia. Asubuhi upepo unauma, mchana vumbi la barabara linapaka mabati rangi nyekundu, na huku Rwambuzi kila upande unaona moshi wa matanuru ya matofali. Ni majira ya kujenga, kwa sababu mvua ikirudi mwezi wa tatu hakuna tofali mbichi litakalosimama. Ni majira pia ya Noeli na Bonane. Kwa vijana waliofunga ndoa juzi juzi, mambo haya mawili yanagombania mfuko mmoja, na mfuko wenyewe ni mdogo.

Leo nataka kusema waziwazi upande niliopo. Mimi niko upande wa kiwanja. Nitaeleza kwa nini, maana najua wazee wengi, hasa wale waliokimbia kutoka Djugu na Irumu, hawataki kusikia neno hili.

Hoja ya wazee naifahamu, tumeisikia sana kwenye antena. Wanasema mtu mwenye kununua kiwanja Bunia amekubali kwamba nyumbani kumekufa. Wanasema: sisi tuko hapa kwa muda, tutarudi. Hakuna anayeweza kuwalaumu kwa kutaka kurudi. Lakini angalieni hesabu ya miaka. Vijana wengine walifika hapa wakiwa watoto wa shule ya msingi, leo wanabeba watoto wao mgongoni. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na bado watu wanakimbia. Kumwambia kijana asubiri amani ndipo ajenge ni kumwambia alipe nyumba ya kupanga mpaka uzee. Na mtu mwenye nyumba yake mjini hazuiliwi kurudi kijijini siku njia itakapofunguka. Mimi naona kinyume: mtu anayelipa mwenye nyumba kila mwezi ndiye atakayekosa hata nauli ya kurudi.

Kuna bibi na bwana wa hapa mtaani, majina yao nayaacha. Bwana anaendesha moto, bibi anauza unga wa muhogo sokoni. Mwaka jana zamu yao ya likelemba iliangukia mwezi wa kumi na moja. Pesa ilikuwa mkononi, na macho yote ya familia yakageuka kuwatazama. Baba wa bwana anaishi kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani. Huko kwao, kabla ya vita, watoto wote walikuwa wanapanda nyumbani siku ya Noeli, kila mmoja na alichopata, na tarehe mosi mwezi wa kwanza mzee alichinja mbuzi, akaombea wote, akabeba mkononi kila mtoto aliyezaliwa mwaka huo. Desturi hii mzee hakuiacha njiani alipokimbia. Chini ya bashe anaifanya vilevile, ila sasa mbuzi ananunuliwa na watoto.

Wakati huohuo akatokea komisyonere, akasema kuna kiwanja, bei nzuri, lakini lazima iishe kabla ya Noeli kwa sababu mwenyewe ana shida na kuna wengine wanakitaka. Bei sitaitaja. Wasikilizaji, hapo ndipo watu wanaanguka. Mwezi wa kumi na mbili kila muuzaji ana shida na kila mnunuzi ana haraka, na anayeshinda kati yao ni mtu wa katikati.

Hawa wawili walifanya kitu ambacho nataka wengine waige. Kabla ya kutoa hata franka moja, walikwenda kwanza kwa shefu wa avenyu, halafu kwa majirani wa pande zote nne za kile kiwanja, bibi akauliza kwa upande wake na bwana kwa upande wake. Bibi ndiye aliyepata jibu. Jirani mmoja mama alimwambia kiwanja kile ni cha marehemu, na warithi wako wanne, si mmoja. Watatu hawakujua kama ndugu yao anauza. Komisyonere alipoulizwa akasema hayo ni mambo ya kifamilia, yataisha. Hayaishi, ndugu zangu. Yanaishia mahakamani, na wewe ndiye utakayekaa miaka ukienda na kurudi na makaratasi kwenye mfuko wa plastiki.

Waliacha. Mwezi wa pili wakapata kingine, kidogo zaidi na mbali zaidi na maji, lakini mwenyewe alikuwepo, bibi yake alikuwepo, watoto wake wakubwa walikuwepo, na wote walitia mkono kwenye karatasi.

Nisimame kidogo kwenye karatasi hiyo, kwa sababu ndiyo inayotuumiza. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya serikali. Unachonunua kwa mtu ni nyumba yake na haki yake ya kukaa pale, na haki hiyo inasimama kisheria kwa setifika inayotolewa na ofisi ya ardhi baada ya kadastre kupima. Karatasi ya shefu wa mtaa ni mwanzo mzuri, ni ushahidi kwamba mliuziana mbele ya watu. Si mwisho wa safari. Wengi wetu tunaishia pale kwa sababu safari inayobaki ni ghali na hatujui bei yake. Ukienda leo unaambiwa hivi, ukienda kesho unaambiwa vingine, na katikati kuna soda za mashahidi na mafuta ya moto ya mpimaji. Ninaomba kitu kimoja tu kwa wakubwa: bei zote zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mtu maskini akijua bei ataitafuta polepole. Asiyejua anakata tamaa, halafu siku moja mwenye pesa anakuja na setifika iliyofanywa nyuma ya mgongo wake.

Na hapa Bunia tunajua vizuri maana ya kukuta mtu ndani ya nyumba yako. Wakubwa wanakumbuka mwezi wa tano 2003, watu walivyokimbia mji, wengine wakajaa karibu na uwanja wa ndege. Waliporudi, kuna waliokuta familia nyingine inapika kwenye jiko lao. Kwa hiyo kama anayekuuzia kiwanja ni jirani wa mwenyewe, na mwenyewe "alikimbia, hajulikani aliko", ondoka hapo. Sisi tuliokimbia hatuwezi kununua machozi ya mtu mwingine aliyekimbia.

Sasa jambo la majina mawili, ambalo limeniletea ugomvi hata na rafiki zangu. Karatasi ya hawa vijana ina jina la bwana na jina la bibi. Shefu mwenyewe alishangaa, akauliza kama bwana anaogopa bibi yake. Watu wakacheka. Lakini Kodi ya Familia ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na marekebisho hayo yaliondoa sharti la ruhusa ya bwana kwa mwanamke aliyeolewa. Na bibi na bwana wasipochagua utaratibu mwingine, vile walivyopata pamoja ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Bwana hawezi kuuza nyumba ya familia bila bibi kukubali, na bibi vilevile.

Tatizo ni kwamba ndoa nyingi za huku hazijaandikwa kwa afisa wa serikali. Mahari ilitolewa, mchungaji ama padri alibariki, watu walikula, basi. Komini haikuona kitu. Siku bwana anakufa, na huku kwetu vijana wanakufa, ndugu zake wanafika na kusema kaka yetu aliacha kiwanja. Bibi anabaki na watoto na sufuria. Nimeripoti habari za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Jina lake likiwa limeandikwa siku ya kununua, mashemeji wanapata shida kulifuta. Mwandikisheni ndoa zenu, na siku ya kiwanja andikeni wote wawili. Mama mkwe akinuna, atanuna.

Kuna msikilizaji alinitumia picha ya ndugu yake aliyepelekwa Kanada, amesimama na bibi yake kwenye theluji mbele ya nyumba waliyonunua, wote wamevaa makoti kama magodoro. Aliandika: hawa wamefaulu, sisi tunahangaika. Nilimjibu kwamba kule nyumba hiyo ni ya benki, na watu wanalipa miaka 25. Hapa benki haimkopeshi muuza unga. Tofali la hapa linalipwa siku hiyohiyo, mia leo, mia mwezi ujao. Ni polepole, lakini likishachomwa hakuna anayekuja kulidai.

Mbuzi je? Bonane iliyopita hakukuwa na mbuzi kwa yule mzee. Walipeleka kuku mmoja, mchele, na sombe. Watoto hawakupata nguo mpya, wakatembea avenyu na zile za mwaka uliotangulia, zikiwa zimefuliwa. Mzee alikaa kimya siku nzima. Bwana aliniambia kimya kile kilimuuma kuliko matusi. Sitaki kudanganya kwamba ni jambo dogo. Kwa mtu aliyepoteza shamba, ng'ombe na kaburi la mama yake, siku ile moja ya kuona watoto wote mbele yake ilikuwa ndiyo kitu kilichobaki, na kuikata ni kumkata yeye. Kwa sababu hiyo siwaambii vijana waifute. Kateni nguo, kateni bia, kateni muziki wa kukodi. Lakini nendeni, hata na kuku mmoja, na mwambieni mzee pesa imekwenda wapi kabla hajasikia kwa wengine.

Mwezi wa tisa mwaka huu yule mzee aliomba apelekwe kuona. Bwana alimpakia kwenye moto. Alizunguka kiwanja, akapima kwa miguu, akasema ni kidogo, akasema choo kimewekwa vibaya upande wa upepo. Choo kimehamishwa. Kuta zimefika usawa wa madirisha, mabati bado kumi na mawili hayajapatikana, na mzee ameshasema kwamba tarehe mosi mwezi wa kwanza familia yote itaketi pale, hata kama ni chini ya bashe.