Mlango wa Shimo la Asali

Bila shaka mmewaona vijana wetu wakiinamia ile michezo ya kwenye kioo, ambamo shujaa huingia mlango wa mwanga na papo hapo akatokea nchi ya mbali, bila ya jahazi wala nauli. Baadhi ya wazazi hudhani hayo ni maajabu ya ugenini. La hasha! Milango ya namna hiyo ilikuwapo Unguja kabla ya umeme, na bibi zetu waliifungua kila usiku kwa ndimi zao.

Simsemi mchawi na ungo wake; huyo kila mtoto anamjua. Namkusudia Hasibu Karimu, mwana wa tabibu. Hadithi yake ilikusanywa hapa Unguja na Edward Steere, yule aliyekuja kuwa Askofu na kujenga kanisa la Mkunazini juu ya soko la watumwa, akaipiga chapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Hasibu alifuatana na wakata kuni. Mvua ikawakimbiza pangoni, na humo akagundua shimo lililojaa asali. Wenzake wakaiuza asali yote, kisha wakamwacha shimoni afe. Akaanguka nge. Hasibu akamwua, halafu akajiuliza: huyu katokea wapi? (Hapo ndipo ninapompenda kijana huyu.) Akaona ufa unaopenya mwanga, akauchokoa kwa kisu mpaka akapita, akatokea kwenye jumba lenye milango ya dhahabu. Kumbe ni nchi ya Sultani wa Nyoka.

Nasi tunayo sababu ya kutoifanyia mzaha milango ya ardhini. Kule Mangapwani, kaskazini ya mji, kipo chumba kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambamo watu walifichwa baada ya soko la mjini kufungwa mwaka 1873, wakingojea majahazi ya magendo. Walioingia humo walitokea ng'ambo ya bahari, wala hawakuwa na kisu cha kuchokolea ufa.

Katika michezo ya vijana mlango haudai kitu. Hasibu alidaiwa. Alipomkumbuka mama yake akaomba ruhusa, Sultani wa Nyoka alimwachia kwa ahadi moja tu: asioge penye watu wengi. Msikilizaji wa Unguja hakuhitaji kuelezwa hamamu ni nini. Kidichi ilikuwapo tangu mwaka 1850, na ya Hamamni ikajengwa baadaye, zama za Sayyid Barghash.

Hasibu akaenda hamamuni. Huko waziri alikuwa ameweka watu wamtafute mwenye alama tumboni, kwani Sultani wa mji alikuwa mgonjwa, na dawa yake ilikuwa nyama ya Sultani wa Nyoka. Hasibu akapigwa mpaka akakubali kuwaonyesha njia.

Sultani wa Nyoka hakumlaumu. Alimfundisha: nikipikwa, povu la kwanza mpe waziri, la pili unywe wewe, la tatu mpe mgonjwa. Waziri akanywa, akafa. Mgonjwa akapona, na Hasibu akawa tabibu mkubwa kama baba yake. Lakini yule aliyempokea ugenini, akamlisha na kumrudisha kwa mama yake, alikuwa keshapikwa.