Utepe na Mkono wa Mwenzako
Septemba 2023, Rais William Ruto wa Kenya alizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na mikoba ya vifaa. Mkoba hutolewa siku moja. Ustadi wa kuutumia hauji hivyo. Chukua Isiolo, kaunti ya ukame, na utepe wa kupima utapiamlo kwenye mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Rahisi, sivyo? Lakini utepe ukikazwa, mtoto mwenye afya anageuka mgonjwa daftarini. Ukilegea, mgonjwa anarudishwa nyumbani. Kosa hilo halitibiwi na semina ya hotelini, yenye chai na posho. Msimamizi anayejua kazi hukaa kando, humwacha mwenzake apime, kisha hupima mwenyewe kimyakimya. Wakitofautiana, huuliza: “Katikati ya bega na kiwiko umepapataje?” Wala hamkosoi mbele ya mama wa mtoto, maana kesho mhudumu huyo atarudi boma lile lile peke yake. Nyinyi mnaopanga bajeti ya afya Isiolo, tengeni nauli ya kumfikisha msimamizi Merti na Sericho.