Neno la juma hili: vaccine



Neno hili tunalisikia kila tunapopeleka watoto kupimwa uzito. Waingereza husema vaccine, Wafaransa vaccin. Sisi twasema chanjo. Je, lilitoka wapi?

Lilitoka kwa ng'ombe. Kwa Kilatini, ng'ombe jike huitwa vacca. Zamani Ulaya ndui iliua watu wengi, na waliopona walibaki na makovu usoni. Lakini watu wa mashambani huko Uingereza walijua jambo moja: wanawake wanaokama ng'ombe wakishikwa na ndui ya ng'ombe, yaani vipele vidogo mikononi, ile ndui kali haiwapati.

Daktari Edward Jenner aliyasikia maneno hayo wala hakuyadharau. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua usaha wa kipele mkononi mwa mkamaji mmoja, Sarah Nelmes, akamchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye akamwekea ndui yenyewe, mtoto hakuugua. Mwaka 1798 Jenner aliandika kitabu akiuita ugonjwa ule kwa Kilatini variolae vaccinae, maana yake ndui ya ng'ombe. Ndipo neno likazaliwa. Mwaka 1881 Louis Pasteur aliomba litumike kwa chanjo zote, ili kumheshimu Jenner.

Uvumi nao ni wa zamani. Mwaka 1802 ilichorwa picha London, watu waliochanjwa wanaota ng'ombe mwilini! Hakuna aliyeota pembe. Bali tarehe 8 Mei 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Neno letu pia lina maana yake. Chanjo latoka kwa kuchanja, kukata ngozi kidogo, jinsi wazee wetu walivyofanya wakitia dawa. Leo ni sindano, ama matone mdomoni kwa polio, lakini jina limebaki.

Hapa kwetu Kongo, mwaka 1970, mtu wa kwanza kujulikana kuwa na mpox alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, ambaye hakuwa amechanjwa ndui. Kwa hiyo, mama, tukisikia uvumi sokoni, tumuulize muuguzi kwanza. Na katika mkutano wa kikundi, kila mmoja alete kadi ya mtoto wake. Tuzitazame pamoja: chanjo gani bado?