Mpakie Mke Wako Pikipiki Angali Hai

 

Tangu turudi nimeulizwa swali moja kanisani, sokoni Ndanai, hata kwa kinyozi: "Mchungaji, kweli ulimbeba mama kwa pikipiki mpaka Malindi?" Kweli. Wengi waliuliza wakicheka. Mmoja aliuliza bila kucheka kama hiyo ni kazi ya mtumishi, na petroli ilitoka wapi. Petroli ilitoka kwa maziwa ya ng'ombe wawili, na aliyeweka akiba ni mama mwenyewe. Sasa nisikilizeni.

Ile pikipiki imebeba wengi: wagonjwa wa kupelekwa Longisa, mifuko ya mbolea, viti vya kanisa, na siku moja mzee wa kanisa pamoja na mbuzi wake. Mama yeye hupanda matatu, kwa sababu kila mara mimi nimeshabeba mtu mwingine. Mimi sikuliona hilo. Aliniambia yeye, bila hasira, katika mwaka wa 20 wa ndoa yetu.

Basi tukaenda. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, na wote wawili mvae helmeti na jaketi ya riflekta. Siku ya kwanza tulilala Nairobi, ya pili Voi, ya tatu tukaingia Mombasa. Barabara ile sitaisifu. Lori likikupita, upepo wake unataka kukutupa nje ya lami, na kutoka Mtito Andei kwenda Voi nakiri niliendesha nikinena kwa lugha. Usiku hatukusafiri hata mara moja.

Kabla ya kushika barabara ya kaskazini tulisimama Nyali, ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale. Hapo pana kaburi la Rosine Krapf. Tulisoma habari za mumewe, Johann Ludwig Krapf, chuoni: mmishenari aliyejifunza Kiswahili na kuanza kuitafsiri Biblia. Walifika Mombasa mwaka 1844, yeye na mkewe mja mzito. Julai mwaka huo huo Rosine akafa kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa hiyo hiyo. Mtihani wa historia ya kanisa uliniuliza juu ya Krapf, na juu ya Rosine haukuuliza kitu.

Mama alisimama pale muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, mimi nikifa, utasema nini?"

Ndugu zangu, nimeongoza mazishi mengi eneo hili. Nina maneno. Pale sikuwa na hata moja.

Nataka niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Huku kwetu mke akifa, tunakodisha hema, viti na vipaza sauti. Tunachinja ng'ombe, tunachapisha picha yake kubwa ya rangi, na harambee inajaa. Mume anashika kipaza sauti na kuwaambia watu mia tano jinsi alivyompenda mama huyu. Nimesimama kando yake mara nyingi nikijiuliza kama mama huyu aliwahi kuambiwa hayo jikoni kwake. Angeomba nauli ya kwenda kuona ziwa Kisumu akiwa hai, tungemwambia pesa hakuna. Ng'ombe yule yule wa mazishi alikuwa zizini!

Najua karo. Mimi pia hulipa kidogo kidogo. Wala sisemi lazima iwe bahari. Nendeni Dunga mkale samaki, mrudi jioni. Ninalopinga ni ile imani kwamba matembezi ya mume na mke ni udunia. Akila na Prisila katika Matendo wanatoka Roma, wako Korintho, wanavuka mpaka Efeso, na kila wanapotajwa wanatajwa wote wawili.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Tulitumia siku nzima. Mtwapa, kisha mkonge wa Vipingo, mistari iliyonyooka kama majani chai yetu, ila huo unachoma. Katika daraja la Kilifi, ambalo lilifunguliwa mwaka 1991 (kabla ya hapo watu walivushwa kwa feri), nilisimama pembeni tukatazama mashua chini. Hapo ndipo nilipomjibu lile swali la Nyali. Nilichomwambia si cha Facebook.

Tulipita msitu wa Arabuko-Sokoke, tukaingia Gede, mji wa mawe ulioachwa na watu wake katika karne ya 17. Misikiti, jumba la mtawala, visima, na miti imeota juu ya kuta. Siku iliyofuata tulivuka mto Sabaki kwenda Mambrui, halafu Marafa, bonde la mchanga mwekundu ambalo Wagiriama wanaliita Nyari. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na matajiri waliooga maziwa ya ng'ombe wao, ndipo Mungu akawadidimiza. Mama, mwenye kuuza maziwa, aliisikiliza hadithi hiyo kwa makini sana.

Simu yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti. Siku tisa mzee wa kanisa aliongoza maombi, na kanisa halikuanguka. Hilo nalo limeninyenyekeza kidogo.

Sasa mama anauliza habari za Lamu. Nimemwambia kwanza niulize hali ya barabara ya Garsen. Jana nimekuta kopo jipya la pesa ya maziwa juu ya kabati, na tayari lina kitu ndani.